Alitumwa Misioni Akiwa na Miaka 15

Mama mpendwa, wako watoto wanaotuacha nyumbani kabla sisi wenyewe hatujawa tayari kuachwa. Mmoja anakwenda shule ya bweni, mwingine anapangiwa chuo kilicho mikoa mitatu kutoka kwetu, mwingine anakwenda mjini kufanya kazi kwa watu ambao hatujapata kuwaona hata sura. Sisi tunaobaki tunahesabu siku. Usiku tunajiuliza: Je, amekula? Akiugua, nani atamsogezea maji? Na huyo anayelala naye chumba kimoja, ni rafiki wa namna gani?

Mwezi huu tumeona vema tuwaletee habari za kijana mmoja ambaye maswali hayo yote yalimpata kwa pamoja, tena akiwa hana mama wa kujiuliza kwa niaba yake. Aliitwa Joseph F. Smith. Alikuwa mmisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu wengi huwaita Wamormoni. Huenda umepata kuwaona vijana wao barabarani: wawili wawili, shati jeupe na tai, jina limeandikwa kwenye kibao kidogo kifuani. Huwa tunawapita tu. Ni mara chache tunakumbuka kwamba kila mmoja wao ana mama mahali fulani.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba mafundisho ya kanisa hilo yanatofautiana na ya makanisa mengi tunamosali sisi. Hawaukiri Utatu kama ulivyo katika Imani ya Nikea, na pamoja na Biblia wanacho Kitabu cha Mormoni wanachokihesabu kuwa maandiko matakatifu. Mambo hayo yana mahali pake pa kuzungumzwa, tena na wachungaji wetu. Hapa tunazungumza kama akina mama, na kama wauguzi, kuhusu mtoto aliyetumwa mbali.

Mwana wa mjane

Joseph F. Smith alizaliwa Novemba 1838 huko Missouri, Marekani. Baba yake, Hyrum, alikuwa ndugu wa Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo lililoanza mwaka 1830. Tarehe 27 Juni 1844 ndugu hao wawili waliuawa na kundi la watu wenye silaha waliovamia jela ya mji wa Carthage, Illinois. Mtoto alikuwa na miaka mitano.

Mama yake, Mary Fielding, alikuwa mwanamke kutoka Uingereza. Akabaki mjane, na nyumba yenye watoto wake wawili, watoto wa kambo ambao mumewe alimwachia, na watu wengine waliomtegemea. Waumini wenzake walipofukuzwa Illinois na kuanza safari ndefu ya kwenda magharibi, mama huyu hakusubiri kubebwa. Alitafuta mikokoteni na maksai, akaipakia jamaa yake, na mwaka 1848 wakavuka mbuga na milima mpaka bonde la Salt Lake. Mtoto wake Joseph, ambaye hajatimiza hata miaka kumi, aliswaga maksai sehemu kubwa ya njia.

Mwenyewe alisimulia uzeeni jinsi maksai wao wawili walivyopotea siku moja safarini. Yeye na mjomba wake walizunguka nyikani asubuhi nzima, wakarudi wamelowa umande na wamekata tamaa. Akamkuta mama yake amepiga magoti anaomba. Aliposimama, uso wake ulikuwa umetulia. Akaenda moja kwa moja kuelekea kijitoni, na huko vichakani maksai walionekana. Mtoto alikuwa ameona kwa macho yake mama anavyomwendea Mungu wakati wa shida, na hakusahau.

Lakini mwezi Septemba 1852 mama huyo naye alifariki. Joseph alikuwa na miaka 13, na dada yake Martha Ann alikuwa na miaka 11.

Tangu hapo kijana akawa na hasira za karibu. Siku moja darasani mwalimu alichukua mkanda wa ngozi ili amchape Martha Ann. Kaka yake akasimama kumzuia. Mwalimu alipomgeukia yeye, yakawa mapigano, na mwalimu ndiye aliyeshindwa. Shule ikaisha siku hiyo.

Mama msomaji, sisi tunaofanya kazi na vijana tunawafahamu watoto wa namna hii. Watu huwaita wakorofi. Ukiwakalia karibu unakuta ni watoto waliofiwa, wanaomlinda kwa ngumi mtu wa mwisho waliyebaki naye.

Haukupita muda mrefu, katika mkutano wa kanisa wa Aprili 1854, jina lake likasomwa kati ya watakaotumwa kuhubiri. Alikuwa na miaka 15. Alipangiwa visiwa vya Hawaii, katikati ya bahari ya Pasifiki.

Ulimi mpya, chakula kipya

Wakati huo Hawaii ulikuwa ufalme wenye mfalme wake na lugha yake. Ilikuwa nchi yenye majonzi. Mwaka 1853 ugonjwa wa ndui ulikuwa umeua maelfu ya watu, kwa sababu maradhi yaliyoletwa na meli yaliwakuta wenyeji wakiwa hawana kinga yoyote mwilini.

Kijana alisafiri kwa farasi mpaka California, na huko akafanya kazi za mikono ili apate nauli ya meli. Septemba 1854 alishuka Honolulu. Hakuwa na fedha, hakuijua lugha, na mtu wa damu yake wa kumwandikia alikuwa ni dada mdogo aliyebaki nyuma. Alimwandikia. Barua zao nyingi zimehifadhiwa hata leo, na ndani yake unamwona kaka anayejaribu kulea kwa kalamu: anamwonya mdogo wake kuhusu tabia, anamtia moyo, anamwomba aandike zaidi.

Kazi ya kwanza ya mmisionari ilikuwa kukaa na watu mpaka asikie wanachosema. Wale wa kanisa lake waliotangulia Hawaii mwaka 1850 walikuwa kumi. Walipoona kwamba wazungu waliokuwako ni wachache na hawawasikilizi, nusu yao hawakuona sababu ya kubaki, wakaondoka mapema. Waliobaki, akiwamo kijana George Q. Cannon, waliamua kuishi katika nyumba za wenyeji na kujifunza Kihawaii.

Joseph alifuata njia hiyo hiyo. Aliishi na wenyeji, akalala walikolala, akala walichokula. Chakula chao kikuu kilikuwa poi, yaani magimbi yaliyopikwa, yakapondwa vizuri na kulegezwa kwa maji, na mara nyingine huachwa siku kadhaa mpaka yachachuke. Sisi tuliokulia vijijini magimbi tunayajua, lakini kwa kijana aliyezoea mkate wa ngano ilikuwa shida kubwa kumeza. Alimeza. Baada ya siku zipatazo 100 alikuwa anazungumza Kihawaii, anasali kwacho, na anafundisha. Kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa amepewa usimamizi wa sharika za kisiwa kizima.

Ukitafakari utaona kwamba walimu wake wa kwanza walikuwa ni wale aliokwenda kuwafundisha. Walimsahihisha maneno, wakamwonyesha namna ya kuketi na namna ya kula kwa vidole. Mgeni anayekubali kufundishwa hupata watu wa kumsikiliza.

Mama wa ugenini

Kisha akaugua. Homa kali ilimlaza muda mrefu, ugenini, hana ndugu wala daktari wa kumtegemea. Mwanamke mmoja mwenyeji, anayekumbukwa kwa jina la Ma Manuhii, alimchukua nyumbani kwake akamwuguza kama mwanawe wa kuzaa mpaka akapona. Kijana akamwita mama.

Sisi wauguzi tunajua maana ya jambo hilo, maana kumwuguza mgonjwa wa homa nyumbani ni kazi ya mikono na ya usiku. Ni kumnywesha maji kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, hata akikataa. Ni kumpangusa mwili, kubadili shuka iliyolowa jasho, kumgeuza ubavu asipate vidonda. Ni kusikiliza pumzi zake alfajiri wakati watu wote wamelala. Tena ni kazi isiyo na ahadi ya malipo. Mtoto huyu hakuwa wa kabila lake, na nauli yake mwenyewe aliipata kwa shida. Asingeweza kumlipa.

Zaidi ya miaka 50 baadaye Joseph F. Smith alirudi kutembelea visiwa hivyo. Sasa alikuwa mzee mwenye ndevu nyeupe, rais wa kanisa lake zima, cheo alichokishika tangu 1901 mpaka alipofariki Novemba 1918. Watu walikuja kumpokea kwa mashada ya maua. Mwenzake wa safari, Charles W. Nibley, aliandika kwamba katikati ya umati ule aliletwa bibi kizee kipofu, anayekadiriwa kuwa na miaka 90, ameshika ndizi chache nzuri mkononi. Alikuwa anaita jina la kijana wake kwa Kihawaii: Iosepa, Iosepa. Rais akaacha shughuli zote, akamkimbilia, akamkumbatia na kumbusu tena na tena, akimwita mama. Kisha akamwambia Nibley, huku machozi yakimtoka, kwamba huyu ndiye aliyemtunza alipokuwa mtoto mgonjwa asiye na mtu.

Ukihesabu vizuri, Ma Manuhii alipomwuguza kijana yule alikuwa mwanamke wa umri wa wengi wetu tunaosoma ukurasa huu. Alikuwa na kazi zake na nyumba yake. Wahenga walisema wema hauozi. Ndizi zile zilikuwa zawadi ya mama kwa mtoto, ingawa mtoto sasa alikuwa mzee na rais.

Tukifungua Waraka kwa Warumi 16:13 tunamkuta mtume Paulo akimsalimu Rufo pamoja na mama yake Rufo, ambaye Paulo anamhesabu kuwa mama yake pia. Hatuambiwi mama yule alimfanyia nini. Labda alimpikia, labda alimfulia, labda alimkesha akiwa na homa. Hakuandika waraka wala hakuhubiri sokoni, lakini jina la mwanawe limo katika Maandiko kwa ajili ya kumtambulisha yeye.

Suti moja, watu wawili

Bwana Yesu alipowatuma wanafunzi wake aliwatuma wawili wawili, kama tunavyosoma katika Marko 6:7 na Luka 10:1. Utaratibu huo Wamormoni wanaufuata mpaka leo. Lakini kuishi na mwenzio uliyepangiwa si jambo rahisi. Hata Paulo na Barnaba, watu wa Mungu, walitofautiana kwa sababu ya kijana Marko mpaka wakaachana njia (Matendo 15).

Katika misioni ya Joseph moto uliteketeza nyumba yalimokuwamo mali yake, zikaungua nguo, vitabu na daftari zake za kumbukumbu. Kwa muda yeye na mwenzake walibaki na suti moja tu ya kuvaa mbele za watu. Wakafanya hivi: mmoja alivaa suti akaenda ibadani, mwingine akabaki kitandani. Wa kwanza aliporudi aliivua, mwenzake akaivaa akaenda ibada iliyofuata.

Tunacheka tukisoma. Lakini tuwaze kidogo. Je, watoto wetu wa leo, ambao kila mmoja anataka simu yake na chaja yake, wangeweza? Na sisi wenyewe katika ndoa, je, tunaweza kubaki kitandani, kwa maana ya kukaa nyuma, ili mwenzetu avae suti leo, tukijua zamu yetu itakuja? Wako akina mama waliokaa nyuma miaka kumi na zamu haijawahi kufika. Suti ya vijana wale ilikuwa ya haki kwa sababu ilivuliwa pia.

Safari ya kurudi

Mwaka 1857 wamisionari waliitwa warudi nyumbani. Joseph alikuwa anakaribia miaka 19. Njiani California, kundi la wapanda farasi wenye silaha na waliolewa liliingia kambini kwao likitukana na kutishia kuua Wamormoni. Wenzake walikuwa wamejificha kijitoni. Yeye alikuwa amekwenda kuchukua kuni na alikuwa anarudi. Mmoja wa watu wale akamwelekezea bastola na kumwuliza kwa ukali kama yeye ni Mmormoni. Kijana akajibu bila kusita kwamba ndiyo, tangu unyayoni mpaka utosini. Yule mtu alishangaa, akamshika mkono na kumsifu kwa ujasiri wake, kisha wakaenda zao.

Ujasiri huo ulitoka wapi? Mwenyewe alisimulia kwamba kule Hawaii, wakati alipokuwa amechoka, hana kitu, na anajiona si chochote mbele ya watu, aliota ndoto. Alijiona yuko safarini, ameoga, amevaa nguo safi, anapokelewa katika nyumba kubwa, na mama yake alikuwamo humo. Alipoamka alijisikia ni mwanaume kamili, anayeweza kumtazama mtu yeyote usoni bila woga. Mama yake alikuwa amelala kaburini miaka kadhaa. Malezi yake yalikuwa bado yanafanya kazi.

Hatumchori kama malaika. Alipokuwa mtu mzima alioa wake wengi, kama ilivyokuwa desturi ya kanisa lake wakati huo. Kanisa hilo lilitangaza mwaka 1890 kuiacha desturi hiyo, na yeye mwenyewe akiwa rais alitoa tamko kali zaidi mwaka 1904. Wanawake tunaosoma tuna haki ya kulijua hilo pia.

Wamisionari wa leo

Leo kanisa hilo halimtumi mtoto wa miaka 15. Mwaka 2012 umri wa kuanza misioni ulishushwa ukawa miaka 18 kwa wavulana, na kwa wasichana ukashuka kutoka 21 hadi 19, ndipo wasichana wengi wakajitokeza. Wavulana hutumika miaka miwili, wasichana miezi 18. Mvulana huitwa Mzee ingawa hana hata ndevu, na msichana huitwa Dada. Hawalipwi mshahara. Wengi hujiwekea akiba tangu utotoni, na familia na washarika huchangia. Mwishoni mwa mwaka 2024 walikuwa zaidi ya 70,000 duniani kote.

Kabla ya kutumwa hupitia chuo cha mafunzo. Kikubwa kiko Provo, Utah, ambako hata Kiswahili hufundishwa. Kwa Afrika viko Ghana na Afrika Kusini. Wakifika kituoni huamka saa 12:30 asubuhi, hujisomea, hujifunza lugha, kisha hutoka kutembelea watu. Siku moja ya juma ni ya kufua, kwenda sokoni na kuwasiliana na nyumbani. Zamani waliruhusiwa kupiga simu nyumbani mara mbili tu kwa mwaka, sikukuu ya Krismasi na Siku ya Akina Mama. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kuzungumza na wazazi kila juma. Tunaamini akina mama wengi walilia kwa furaha siku ile.

Hawachagui mwenzao. Wanapangiwa, na baada ya majuma kadhaa wanaweza kubadilishwa. Kila juma wenzi hao wawili huketi pamoja na kuulizana: Tumefanya nini vizuri? Nini kimekukwaza kwangu? Tufanyeje juma lijalo? Utaratibu huu tumeupenda. Ndoa nyingi tunazozisikia zikilalamika kanisani zingepona kama mume na mke wangeketi hivyo nusu saa kila juma, redio imezimwa na watoto wamelala.

Afrika Mashariki wapo. Serikali ya Kenya ililiandikisha kanisa hilo mwaka 1991, na Tanzania mwaka 1992. Mwezi Mei 2025 hekalu lao la Nairobi liliwekwa wakfu. Lakini tusisahau kwamba kabla ya Juni 1978 kanisa hilo halikuwapa wanaume weusi ukuhani, na halikuwa na wamisionari wa namna hii sehemu nyingi za bara letu. Leo vijana Waafrika ni wamisionari wenyewe, na huenda kijana atakayebisha hodi kwako ni Mkenya au Mkongo.

Akibisha hodi, utamkaribisha? Kumpa mtu kiti hakukulazimishi kukubali mafundisho yake. Mweleze kwa upole unasali wapi na unaamini nini. Jambo moja tu, asikataze urafiki: hawanywi chai wala kahawa, wala pombe, na hawavuti sigara. Akikataa chai yako si dharau. Mpe maji, maziwa, uji au maji ya matunda.

Tunajifunza nini sisi akina mama?

Kwanza, tuwafundishe kazi za mikono kabla hawajaondoka. Kijana wa kiume anayejua kufua, kupika ugali na kushona kifungo hatakuwa mzigo kwa mwenzake wa chumba. Leo hii mama, mwite jikoni. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna huruma ya mama.

Pili, tuwafundishe mambo machache ya afya. Alale ndani ya chandarua. Anywe maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Akipata homa asinunue vidonge kwa kubahatisha bali aende kituo cha afya apimwe malaria siku hiyo hiyo. Akiharisha aanze mara moja maji yenye chumvichumvi za pakiti. Mwandikie mambo haya kwenye karatasi aweke sandukuni.

Tatu, tuwe macho na ugonjwa wa moyo, ule usioonekana kwenye kipimajoto. Kati ya wamisionari hawa wako wanaorudi kabla ya muda kwa sababu ya sonona au wasiwasi mkubwa, na wako wanafunzi wetu wa bweni wanaopatwa na hali hiyo hiyo. Kumkumbuka mama siku za mwanzo ni jambo la kawaida na hupungua. Lakini kama kijana halali kwa majuma mawili, hali chakula, anajitenga, anajiona hafai, au anasema ni heri afe, huo ni ugonjwa. Usimwambie asali zaidi kisha ukakata simu. Mfuate, au mtume mtu anayemwamini, afikishwe hospitali mapema. Na akirudi nyumbani kabla ya wakati, mpokee kwa mikono miwili. Tuwazuie majirani wanaouliza kwa dharau mbona amerudi. Aliyerudi mgonjwa hakushindwa, anahitaji kutibiwa.

Nne, tuwaandikie. Hana alimtoa Samweli akiwa mdogo, lakini kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea (1 Samweli 2:19). Hebu wazia mama akikadiria urefu wa mtoto asiyemwona: amekua kiasi gani mwaka huu? Ujumbe mfupi wa simu kila juma, wenye jina lake na neno la kumtia moyo, ndio kanzu yetu.

Tano, tumtunze mtoto wa mwenzetu. Katika kila mtaa wetu yuko kijana aliyetoka mbali: mwanafunzi aliyepanga chumba, binti wa kazi za ndani, kijana wa dukani, mmisionari wa kanisa lisilo letu. Mjue jina. Mwulize mama yake yuko wapi. Akikosa kuonekana siku mbili, nenda ukabishe hodi, umpelekee uji. Umoja wa wanawake wa sharika unaweza kugawana mitaa, kila wawili wakapewa nyumba kadhaa za kuwatazama vijana wapangaji. Kazi hiyo haina bajeti wala haihitaji harambee.

Ndugu zetu, hatuwezi kuwafuata watoto wetu kila waendako. Tunaweza kumwomba Mungu awainulie huko mama wa kuwapa maji usiku wa homa. Na tukiisha kuomba hivyo, tuinuke tutazame mlango wa jirani, kwa maana mama mwingine, mahali fulani, anaomba hivyo hivyo kwa ajili ya mtoto aliye karibu nasi. Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu.